Fahamu: Vyanzo vya redio na gesi ya moto katika makundi ya galaksi
Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco katika pwani ya Malindi, Kenya, ilionyesha kwamba makundi ya galaksi, yaani mikusanyiko ya mamia ya galaksi zilizofungwa na nguvu ya uvutano, hutoa eksirei kutoka eneo pana, ambazo chanzo chake ni gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi. Kwa kuwa gesi hupoteza nishati inapong'aa, ile ya katikati ingepaswa kupoa na kuzaa nyota nyingi; hata hivyo nyota hizo hazionekani kwa wingi uliotarajiwa. Maelezo yanayokubaliwa na wataalamu wengi yako katika galaksi ya kati, ambamo shimo jeusi hurusha michirizi ya chembe zenye kasi kubwa mno, inayoipasha gesi joto na kuizuia isipoe; chembe hizo, zikizunguka katika uga wa sumaku, hutoa mawimbi ya redio. Katika kundi la Perseus, chanzo cha redio 3C 84, kilicho katika galaksi ya kati, kimepuliza mapovu yanayoisukuma gesi kando, na mwaka 2003 picha za darubini ya Chandra zilidhihirisha mawimbi ya sauti yakisambaa kutoka hapo, jambo la kustaajabisha kweli, ingawa bado hujadiliwa kama ni mawimbi hayo au misukosuko ya gesi inayoleta joto zaidi.