Kuzifasiri Hati za Mkataba wa Ujenzi: Mifano Kutoka Garsen na Bonde la Tana

Utangulizi

Katika Kiswahili twatofautisha kutafsiri na kufasiri. Anayetafsiri huhamisha maneno kutoka lugha moja hadi nyingine. Anayefasiri hueleza maana iliyokusudiwa na maneno yaliyo mbele yake, hata kama lugha haibadiliki. Wanafunzi wetu hufunzwa kufasiri mashairi na tenzi. Ni nadra kuambiwa kwamba stadi hiyo hiyo yahitajika mahakamani na kwenye machimbo ya kokoto, ambako neno moja likisomwa vibaya laweza kumfilisi mtu. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hati zinazounda mkataba wa ujenzi zinavyofasiriwa.

Mifano yetu tumeichukua Garsen na sehemu nyingine za Kaunti ya Tana River kwa sababu mbili. Kwanza, eneo hili limeona kazi kubwa za ujenzi kwa miaka mingi: skimu ya umwagiliaji ya Hola iliyoanza katika miaka ya 1950, mradi wa Bura ulioidhinishiwa mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 1977, na katika miaka ya karibuni barabara ya lami kutoka Garsen kupitia Witu hadi Lamu. Pili, wakazi wake, wakiwemo Wapokomo, Waorma na Wawardei, wana lugha zao nyumbani na Kiswahili sokoni, ilhali hati za ujenzi karibu zote huandikwa kwa Kiingereza. Basi hapa kufasiri na kutafsiri hukutana, na mwenye kuumia ni yule asiyeweza lolote kati ya hayo mawili.

1. Mkataba mmoja, hati nyingi

Katika mazungumzo ya kawaida nchini Kenya neno kandarasi humaanisha kazi yenyewe pamoja na makubaliano yake, na watu hudhani kwamba makubaliano hayo ni karatasi moja iliyotiwa sahihi. Sivyo. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka 2015, katika kifungu cha 135, yataja hati ambazo kwa uchache huunda mkataba na serikali: fomu ya makubaliano, fomu ya zabuni, jedwali la bei au la kiasi cha kazi, jedwali la mahitaji, maelezo ya kiufundi, masharti ya jumla, masharti maalumu na taarifa ya kumpa mzabuni kazi. Katika ujenzi huongezwa michoro, ambayo mafundi huiita ramani.

Kila hati ina kazi yake. Michoro huonyesha umbo la kitu na mahali pake. Maelezo ya kiufundi hueleza ubora: saruji ya namna gani, udongo ushindiliwe kiasi gani. Jedwali la kiasi huorodhesha kazi kipengele baada ya kipengele, pamoja na bei ya kila kipimo. Masharti ya jumla hueleza haki na wajibu wa pande zote, na aghalabu hutoka katika kitabu kilichochapishwa, kama vile kile cha Shirikisho la Kimataifa la Wahandisi Washauri, FIDIC, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1957. Masharti maalumu huyarekebisha yale ya jumla ili yalingane na kazi inayohusika.

Sheria hiyo hiyo yasema kwamba hakuna mkataba mpaka hati iliyoandikwa itiwe sahihi na pande zote mbili. Kwa hiyo barua ya kumjulisha mzabuni kwamba ameshinda si mkataba. Mfanyabiashara anayekopa fedha na kununua lori kwa nguvu ya barua hiyo pekee hujiweka hatarini, maana hajapata bado kitu cha kudai mbele ya hakimu.

2. Hati zinapopingana

Hati hizi huandikwa na watu mbalimbali kwa nyakati mbalimbali. Si ajabu basi zikitofautiana. Kanuni ya kwanza ni kuzisoma kama kitu kimoja, kila moja ikiifafanulia nyenzake. Ikiwa maelezo ya kiufundi yataja nguvu ya zege na mchoro haukutaja, hapo hakuna mgongano, kwani kunyamaza si kupinga. Msomaji anayekimbilia kuchagua hati moja na kuitupa nyingine amekosea hatua.

Mgongano wa kweli ukidhihirika, ndipo hutazamwa daraja la hati. Toleo la FIDIC la mwaka 1999 lazipanga hivi: makubaliano, barua ya kukubali zabuni, barua ya zabuni, masharti maalumu, masharti ya jumla, maelezo ya kiufundi, michoro, kisha majedwali na hati nyinginezo. Mpangilio huu si wa lazima kwa kila mkataba, nao huweza kubadilishwa na masharti maalumu. Ndiyo sababu yafaa kuutafuta kabla ya kusoma kitu kingine chochote.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme mchoro wa barabara karibu na Minjila waonyesha kalvati tano, na jedwali la kiasi lataja nne. Kwa daraja la hapo juu mchoro hutangulia, hivyo kalvati tano zitajengwa. Je, ya tano italipwa? Hilo ni swali jingine. Katika mkataba wa kupimwa, kiasi kilichoandikwa katika jedwali ni makadirio tu. Kazi hupimwa baada ya kufanywa na kulipwa kwa bei ya kipimo, kwa hiyo kalvati ya tano hulipwa. Katika mkataba wa bei ya jumla, mkandarasi huenda akaibeba gharama hiyo mwenyewe. Daraja la hati hueleza kinachopaswa kujengwa. Namna ya malipo hutafutwa katika vifungu vinavyohusu malipo.

3. Kanuni za kufasiri

Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, huelekeza kwenye sheria ya desturi ya Uingereza, nako ndiko zilikotoka kanuni zinazotumiwa na mahakama zetu. Tutazitaja zilizo muhimu.

(a) Maneno hupewa maana ambayo msomaji mwenye busara, aliyeijua hali ya mambo wakati wa kutia sahihi, angeyapa. Nia iliyofichika moyoni haihesabiwi.

(b) Neno mahususi hulishinda neno la jumla, na kilichoandikwa kwa ajili ya kazi hii hukishinda kilichochapishwa kwa kazi zote.

(c) Utata ukibaki baada ya jitihada zote, hufasiriwa dhidi ya aliyeandika. Hii ni kanuni ya mwisho, wala haifai kuanzwa nayo.

(d) Mahakama haiwaandikii watu mkataba mpya. Mahakama ya Rufani ya Kenya ililikazia jambo hili mwaka 2001 katika kesi ya Benki ya Kitaifa dhidi ya Pipeplastic Samkolit. Masharti mabaya yaliyokubaliwa kwa hiari hubaki kuwa masharti.

Kanuni hii ya nne yawagusa sana wakandarasi wadogo. Kijana wa Garsen anayeleta mchanga na kokoto hupewa karatasi moja inayosema kwamba atafuata masharti ya mkataba mkuu. Kwa sentensi hiyo fupi mamia ya kurasa ambazo hakuziona zaweza kumfunga. Asiombe kusomewa baada ya ugomvi. Aombe nakala kabla ya sahihi.

4. Maneno manne yenye uzito

Sasa tutazame maneno ambayo katika bonde la Tana yana uzito wa pekee.

Siku. Katika kitabu cha FIDIC cha 1999 siku ni siku ya kalenda, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Mkandarasi anayetaka kuongezewa muda au malipo lazima atoe taarifa ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, tukio lililosababisha dai. Zikipita, dai hupotea. Barabara inapokatwa na maji na ofisi ikawa ng'ambo ya pili, siku hizo hazisimami kungoja maji yapungue.

Mafuriko. Mto Tana ulifurika vibaya mwaka 1961, tena wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998, na katika miaka ya 2018, 2023 na 2024. Masharti huongeza muda kwa ajili ya hali mbaya ya hewa iliyo ya kipekee. Je, mafuriko ni ya kipekee mahali ambapo kilimo cha Wapokomo kimeutegemea mto kufurika tangu kale? Jibu halipatikani katika kamusi. Hutegemea kumbukumbu za vipimo vya maji: kupanda kwa kawaida ni jambo ambalo mkandarasi mzoefu alipaswa kulitarajia, na kupanda kupita kiasi ni jambo jingine. Asiyehifadhi vipimo hana la kufasiri.

Muda. Huko Bura pampu za Nanigi ziliwekwa kama hatua ya muda tu, hadi utakapojengwa mfereji wa kuleta maji kwa mteremko. Mradi ulikusudiwa kuwa na hekta 6,700. Zilizotengenezwa katika awamu hiyo hazikufika nusu, na pampu hizo za muda ziliendelea kutegemewa kwa miongo, huku wakulima wakikosa maji kila zilipoharibika. Hati inayosema "kwa muda" bila kutaja tarehe ya mwisho haimfungi mtu yeyote.

Njia. Masharti mengi humtaka mkandarasi asizibe njia zilizopo. Katika delta kuna malka, yaani mapito ya kuwafikisha ng'ombe mtoni, na neno lenyewe ni la Waorma. Malka haina lami, na kwa miezi kadhaa ya mwaka yaweza isiwe na alama ya kwato. Mchoraji aliye Nairobi huenda asiione. Je, ni njia? Kwa kanuni ya msomaji anayeijua hali ya mambo, yapaswa kuwa njia; lakini ni salama zaidi iandikwe kwa jina lake katika masharti maalumu na kuchorwa katika ramani. Ugomvi wa mwaka 2012 kati ya wakulima na wafugaji, uliowaua watu zaidi ya mia moja, ulihusu kwa sehemu kubwa malisho na kufikia maji. Tuta la barabara likiziba malka, kosa la kufasiri halitaishia katika hesabu za fedha.

5. Tatizo la tafsiri

Hati hizi zikiletwa katika Kiswahili, kuna tahadhari za kuchukua. Wajibu wa kisheria haufai kuelezwa kwa kiambishi -ta- peke yake. "Mkandarasi atafukia mashimo" laweza kusomwa kama utabiri. "Mkandarasi analazimika kufukia mashimo" halina shaka. Vivyo hivyo "anaweza" huchanganya uwezo na ruhusa, na "ana hiari ya" ni bora zaidi. Saa nazo ziandikwe kwa maneno: mzabuni anayeisoma 10.00 kama saa kumi, badala ya saa nne asubuhi, atalikuta sanduku limekwisha kufunguliwa. Mwishowe, itajwe ni lugha ipi itakayoshika iwapo matini mbili zitatofautiana.

Hitimisho

Tumeona kwamba mkataba wa ujenzi ni mkusanyiko wa hati zisomwazo pamoja, zenye daraja, na zenye kanuni za kufasiriwa. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 yakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Heshima hiyo itakuwa na maana Garsen siku muhtasari wa masharti, orodha ya istilahi na ramani yenye majina ya wenyeji vitakapobandikwa penye kazi kabla ya tingatinga kufika. Kuandaa istilahi hizo ni kazi ya idara kama zetu, wala haihitaji kumngoja mhandisi aianze.