Mhusika si lakabu

Wanafunzi wangu hupenda kumpachika mhusika lakabu moja: mpole, mkali, msherati. Basi, kazi imeisha! Mwaka wa 1921, Carl Jung aliainisha nafsi za watu: wapo wanaoelekea ndani na wanaoelekea nje. Uainishaji huo unafaa, ila hauelezi kwa nini mhusika hubadilika.

Hebu tumtazame Rosa katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi. Nyumbani ni mwoga. Babake, Zakaria, anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Akiwa chuoni, mbali na baba, anajitosa kwa wanaume. Je, ni Rosa wawili? La hasha! Ni yule yule, aliyefunzwa kuogopa badala ya kujichunga. Ukimwita msherati tu, umemhukumu Rosa na kumwachilia Zakaria.

Aina ya nafsi iwe mlango wa uhakiki, isiwe hukumu.