Okondo Acheza Mbele ya Kamera

Katika jumba la makumbusho ya viumbe la New York, huko Marekani, imehifadhiwa picha ya mfalme wa kwetu akicheza ngoma. Jina lake Okondo, mfalme wa Wamangbetu wa Niangara, katika nchi ya Uele. Amevaa nguo ya gome la mti, ngozi na mikia ya wanyama, na kichwani kofia ya manyoya ya ndege.

Aliyempiga picha ni Herbert Lang, Mjerumani kwa kuzaliwa. Jumba hilo lilimtuma pamoja na James Chapin, kijana wa miaka 19, wamtafute okapi, mnyama ambaye wataalamu wa Ulaya walimtambua mwaka 1901 tu. Mwaka 1909 walipanda mto mpaka Stanleyville, ndio mji wetu wa Kisangani, kisha wakaingia msituni. Kazi yao ilidumu hadi 1915. Shehena waliyokusanya ilikuwa tani 54, nayo ilisafirishwa vichwani mwa wapagazi. Hao hatujaonyeshwa majina yao. Picha zilikuwa takribani 10,000, na Lang alizisafisha huko huko porini.

Kabla yake, mwaka 1870, Mjerumani mwingine, Georg Schweinfurth, alimwona mfalme Munza akicheza katika ukumbi wake mkubwa mbele ya wakeze. Yeye hakuwa na kamera, bali kalamu. Nasi twalazimika kuuamini mkono wake. Okondo twamwona mwenyewe akicheza.

Lakini tusidhani kwamba kamera yasema yote. Bamba za picha za siku zile hazikuiona rangi nyekundu, hata manyoya mekundu ya kasuku, fahari ya wakuu wa Uele, hutokea meusi kama makaa. Tena zilihitaji jua kali. Ngoma iliyochezwa usiku penye moto haikuweza kupigwa kwa urahisi, wala sauti ya ngoma haimo kabisa. Mwenye kutaka kuijua ngoma ile hana budi kuwauliza wazee wa Niangara.

Twamsifu Lang kwa jambo moja hasa: mara nyingi aliandika majina ya watu aliowapiga picha. Wapiga picha wengine wa miaka ile waliuza Ulaya kadi za posta zenye maneno «mcheza ngoma wa Kimangbetu», basi. Mtu wa namna hiyo ni kama kipepeo aliyechomwa pini ubaoni: ni mfano wa aina yake, si baba wa mtu. Mjukuu wa Okondo aweza kusema, huyu ni babu yangu. Mjukuu wa yule wa kadi ya posta atasema nini?

Hata vazi lenyewe lina habari zake. Mwaka 1913, huko Avakubi kando ya mto Ituri, Chapin aliona katika kofia ya mtu mmoja unyoya wa hudhurungi wenye mistari myeusi. Akauchukua. Alijua ndege wa Kongo kuliko Wazungu karibu wote, lakini huo hakuutambua, akauweka miaka 23. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren nchini Ubelgiji, akakuta ndege wawili waliokaushwa, wamewekwa kando na kuandikwa kuwa ni tausi wa kufugwa kutoka Bara Hindi. Unyoya ni ule ule! Akawapa jina jipya: Afropavo congensis, tausi wa Kongo. Mwaka uliofuata alirudi kwetu kumtafuta akiwa hai, akaongozwa msituni na wawindaji ambao walikuwa wakimjua ndege huyo tangu utoto wao, na kumla.