Marafiki wa Five Ways na Mashamba ya Pemba (Sehemu ya Pili)

Huko Birmingham, Uingereza, Ladywood na Edgbaston zinapakana pale Five Ways, na hapo ndipo alipo Joseph Sturge. Tangu Juni 1862 amesimama juu ya nguzo yake ya mawe, mkono mmoja juu ya Biblia. Miguuni pake wameketi wanawake wawili: mmoja ni Amani, na njiwa wake, wa pili ni Hisani, akiwa na watoto wawili Weusi. Mwaka 2007, Uingereza ilipotimiza miaka 200 tangu kupiga marufuku biashara ya watumwa, jiji liliikarabati sanamu hiyo. Mswahili anayepita hapo na mpango wa kurudi Afrika, akahubiri na kuinua maisha ya kijiji, anastahili kusimama kidogo amtazame.

Sturge alikuwa mfanyabiashara wa nafaka, tena Mquaker. Waumini wa dhehebu hilo hujiita Marafiki. Utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Uingereza mwaka 1834, watu wa Jamaika waliendelea kuwatumikia mabwana wale wale kwa jina jipya la uanagenzi. Sturge hakutosheka na habari za kusikia. Mwishoni mwa 1836 alipanda meli akaenda kuwauliza wenyewe, wakiwemo waliochapwa viboko na waliokanyagishwa vinu vya magereza. Alirudi na ushahidi, akauchapisha. Tarehe 1 Agosti 1838 uanagenzi ukafutwa.

Alifariki mwaka 1859, miaka 38 kabla zamu ya Zanzibar haijafika.

Tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri iliyouondolea utumwa nguvu ya sheria Unguja na Pemba. Lakini uhuru haukumfuata mtu mlangoni. Ilimbidi mtumwa aende mwenyewe kuudai kwa hakimu, na akishaupata aonyeshe kwamba ana makao ya kudumu na njia ya kujipatia riziki. Asipoweza, alihesabiwa mzururaji. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu alitakiwa athibitishe kwamba ana kitu! Ndiyo maana wengi walibaki kwenye mashamba ya mabwana zao wa zamani, wakilipia kibanda na kipande cha ardhi kwa siku za kazi.

Hapo ndipo Marafiki wa Uingereza walipoingia. Mwaka huo huo wa 1897 walifika Pemba, wakiongozwa na Theodore Burtt, wakaanzisha makao yao Banani, karibu na Chake Chake, kwenye shamba la mikarafuu. Pemba haikuchaguliwa kwa bahati. Kimbunga cha 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, na tangu hapo kisiwa hicho kikawa ghala la karafuu la dunia, kwa jasho la watumwa. Banani mtu aliyeachiwa huru alipata vile viwili ambavyo sheria ilividai: nyumba na ujira.

Ujira huo ulikuwa wa kazi anayoijua. Karafuu huchumwa kabla haijachanua, kikonyo kwa kikonyo, mchumaji akiwa juu ya mti. Jioni watu hukaa chini kuchambua, makonyo upande huu, karafuu upande ule; asubuhi huanikwa juani kwenye majamvi mpaka igeuke kahawia na kukauka kabisa. Mvua ikitokea ghafla, kila aliye karibu hukimbilia majamvi. Kazi ni ile ile ya siku za utumwa, ila sasa mchumaji anamaliza siku akijua kilicho chake. Mahubiri yalikuwepo, na shule pia, lakini mwandishi wa makala haya anaamini kwamba bila nyumba na ujira yasingepata wa kuyasikiliza.

Mwaka 1905 Marafiki walifungua Kingsmead huko Selly Oak, kusini mwa Birmingham, chuo cha kuwaandaa wamisionari wao. Hata leo Pemba wamo Marafiki, wachache.

Bara, huko Kenya, mambo yalikwenda vingine. Mquaker wa Kimarekani, Willis Hotchkiss, alifika Ukambani mwaka 1895, akawaona wenzake wakifa na wengine wakiondoka. Alirudi kwao, kisha mwaka 1902 akaja tena akiwa na Edgar Hole na Arthur Chilson, safari hii hadi Kaimosi, na miongoni mwa kazi zao za kwanza ikawa kiwanda cha kupasulia mbao. Kenya sasa ndiyo nchi yenye Waquaker wengi kuliko zote. Sehemu ijayo itaanzia hapo, kwenye msumeno.