Lenzi ya Kuchukua Safarini: Mfano wa Kilimanjaro

Wanafunzi wanaojiandaa kwa safari ya masomo ya jiografia huniuliza mara kwa mara ni kamera gani inayofaa kupigia picha za mandhari. Swali hilo haliwezi kujibiwa lilivyo. Ni lazima kwanza tujue mandhari yenyewe iko umbali gani, na picha itatumika kwa kazi gani. Katika makala haya nitatumia mfano mmoja tu, yaani mlima Kilimanjaro uonekanavyo kutoka Moshi, kwa sababu hapo ndipo kosa langu mwenyewe liliponifundisha.

Miaka kadhaa iliyopita nilifuatana na kundi la wanafunzi hadi Moshi. Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilisoma vitabu vingi vya upigaji picha, na karibu vyote vilishauri kwamba mandhari hupigwa kwa lenzi ya pembe pana. Basi nikabeba lenzi hiyo moja, yenye milimeta 24. Alfajiri mlima ulijitokeza bila hata wingu moja, nasi tukapiga picha nyingi kwa furaha. Tuliporudi na kuzitazama, tuliona mashamba ya mahindi, mapaa ya mabati, nguzo za umeme, na mbali kabisa kitu mfano wa kichuguu kilichopakwa chokaa kidogo juu. Kichuguu hicho ndicho kilichokuwa Kilimanjaro.

Kamera haikuwa na kosa lolote. Hesabu iliyotushinda ni ya kidato cha tatu, na ingeweza kufanywa kabla ya kufunga mizigo. Kila lenzi ina urefu wake wa fokasi, ambao huandikwa kwa milimeta kwenye ukingo wake. Kitu kikiwa mbali sana, taswira yake hufanyika karibu kabisa na fokasi. Kwa hiyo, kwa kanuni ya pembetatu zinazofanana, ukubwa wa taswira ukigawanywa kwa ukubwa wa kitu ni sawa na urefu wa fokasi ukigawanywa kwa umbali wa kitu.

Kilele cha Kibo, chenye kimo cha meta 5895 kutoka usawa wa bahari, kiko takriban kilometa 30 kutoka mjini Moshi, na kimeuzidi mji huo kwa meta 5000 hivi. Kwa lenzi ya milimeta 24, taswira ya mlima mzima itakuwa na kimo cha milimeta 4 tu. Ndani ya kamera kubwa za siku hizi kuna kihisi cha nuru, yaani kibamba kilichochukua nafasi ya filamu, chenye upana wa milimeta 36 na kimo cha milimeta 24. Mlima wetu, basi, ulichukua moja ya sita ya kimo cha picha, na sehemu iliyobaki ikawa ya anga na mahindi. Tungalitumia lenzi ya milimeta 100, taswira ingalikuwa na kimo cha karibu milimeta 17, na mlima ungaliijaza picha kama unavyolijaza jicho. Lenzi ya milimeta 200 haiwezi kuuchukua mlima mzima, lakini kasoko ya Kibo, yenye upana wa kilometa 2.5 hivi, itachukua karibu nusu ya upana wa picha.

Mwenye simu ya mkononi asijione kuwa nje ya mazungumzo haya. Kamera kuu ya simu nyingi huona pembe ileile ya lenzi ya milimeta 24 hadi 28, na kwa hiyo hutoa kichuguu kilekile. Kuivuta picha kwa vidole juu ya kioo hakuongezi urefu wa fokasi. Mara nyingi simu hukata tu sehemu ya katikati na kuitanua. Ni simu zenye lenzi ya pili au ya tatu ya kuvuta mbali ndizo zenye nafuu ya kweli.

Mbona tushughulike hivyo? Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Eduard Oehler na Fritz Klute, walikuwa Kilimanjaro, na picha zilizopigwa kutoka vituo vya ardhini zikatumika kuchora ramani ya mlima. Ramani hiyo ndiyo inayotuwezesha kusema kuwa barafu ya mwaka ule ilienea kilometa za mraba 12 hivi. Kufikia mwaka 2003 zilikuwa zimebaki takriban 2.5. Picha ya mwanafunzi inaweza kuwa sehemu ya kumbukumbu za namna hiyo, mradi ukingo wa barafu uonekane ndani yake. Kihisi chenye nukta 6000 kwa upana, kikitumiwa na lenzi ya milimeta 24 kutoka Moshi, huipa kila nukta meta 7.5 za mlima. Kwa lenzi ya milimeta 200, nukta moja hufunika chini ya meta moja. Hapa nasema kwa nadharia, kwani vumbi, unyevu na hewa yenye kutetema hupunguza ubora huo, na hakuna lenzi iwezayo kuyaondoa. Dawa yake ni kuamka mapema, kabla jua halijaipasha ardhi joto na mawingu hayajapanda.

Lakini alfajiri nuru ni haba, na lenzi ndefu hukuza mtikisiko wa mkono kama inavyokuza mlima. Wapiga picha huchukulia kuwa lenzi ya milimeta 200 iliyoshikwa mkononi huhitaji nuru iingie kwa muda usiozidi sehemu 1 ya 200 ya sekunde. Kwa hiyo fedha ikiwa kidogo, ningeshauri inunuliwe kamera iliyokwisha kutumika pamoja na stendi imara ya miguu mitatu, kuliko kamera mpya isiyo na stendi.

Atakayepanda juu ana matatizo mengine. Uzito huwa adui, na huko lenzi ya pembe pana hupata kazi yake halali, kwa kuwa kuta za barafu ziko mbele ya pua. Betri huishiwa nguvu upesi kwenye baridi, kwa sababu mmenyuko wa kikemia hupungua kasi. Ziwekwe ndani ya nguo, karibu na mwili. Tena, kipima nuru cha kamera hudhani kuwa kila kitu ni cha kijivu, hivyo theluji hutoka ya kijivu isipoongezwa nuru mara mbili hadi nne.

Mwalimu asiye na nauli ya safari, ambaye shule yake inauona mlima, aweza kuchagua mahali pamoja na kupiga picha kutoka hapo kila mwaka, mwezi uleule na kwa lenzi ileile, akiandika tarehe, saa na urefu wa fokasi nyuma ya kila picha. Achague mahali pa juu pasipo na miche mbele yake. Mgrevilea hukua upesi kuliko tunavyotarajia.