Mtumishi Asiye na Tumbo

Kitendawili!

Mmeitikia "Tega!", basi natega. Mtumishi wangu hana tumbo wala ulimi, lakini kila jioni humaliza bakuli.

Fikirini, wajukuu zangu. Mmoja anasema kijiko. Kijiko hakijitumi. Mwingine anasema panya, lakini panya ana tumbo, na ndiyo maana tunaficha mahindi. Mmeshindwa? Nipeni mji. Singida mjini siitaki, nipeni Ihanja yote, na mashamba yake ya alizeti na mtama, nami nitawapa jibu: ni mkono wa mtu anayetazama televisheni.

Mtazameni mwenzenu saa moja usiku, katuni au tamthilia inapoanza. Ametoka kula ugali na mlenda muda si mrefu, kashiba, kashukuru. Anakaa. Macho yanaganda kwenye kioo. Kando yake kuna bakuli la karanga za kukaanga, au ubuyu, au kipaketi cha krispi kilichonunuliwa dukani kwa sarafu iliyobaki. Mkono unashuka, unachota, unapanda mdomoni, unashuka tena. Yeye hautumi. Akiguswa bega na kuulizwa amekula kiasi gani, hajui. Akiulizwa kama karanga zilikuwa na chumvi ya kutosha, inabidi aonje nyingine ndipo ajibu.

Swali langu jioni hii ni hili: nani aliufundisha mkono kazi hiyo? Ubongo una njia mbili za kufanya mambo. Moja ni ya kufikiri: unapima, unachagua, unaamua. Hiyo ni nzito na inachosha. Nyingine ni ya mazoea. Jambo likirudiwa mara nyingi mahali palepale na wakati uleule, ubongo huacha kuuliza. Ng'ombe waliozoea njia ya lambo hawahitaji mchungaji wa kuwaongoza. Ukiwafungulia zizi, wanakwenda. Muziki wa kufungua tamthilia ni mlango wa zizi kufunguliwa. Mkono tayari uko njiani, na tumbo halijaulizwa kitu.

Hili si jambo ninalolibuni. Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Southern California, wataalamu wa saikolojia David Neal na Wendy Wood, pamoja na wenzao, walifanya jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011. Waliwaalika watu ukumbini kutazama vionjo vya filamu na kusema wamevionaje. Kila mmoja akapewa mfuko wa bisi. Watu walidhani wanapimwa kuhusu filamu. Kumbe kilichopimwa ni mifuko, kabla na baada! Na kulikuwa na siri nyingine: baadhi ya bisi zilikuwa zimetoka jikoni muda huohuo, na nyingine zilikuwa zimekaa siku 7. Mnajua bisi ya wiki nzima ilivyo. Imelainika, haina mlio, haina harufu.

Waliokuwa hawana mazoea ya kula bisi sinemani walionja zile za zamani, wakaziacha. Lakini waliozoea kula bisi kila wanapokwenda sinema walikula za zamani sawasawa na za moto. Si kwamba walizipenda. Walipoulizwa walisema wazi si nzuri. Ulimi ulikataa, mkono ukaendelea.

Sasa sikilizeni sehemu inayonifurahisha zaidi. Watafiti wakahamisha jaribio kutoka ukumbi wa sinema hadi chumba cha mikutano, wakawaonyesha watu video za muziki. Safari hii hata wale wenye mazoea makubwa waliziacha bisi mbovu. Chumba kilikuwa kingine, kwa hiyo mkono ukapotea njia na akili ikapata nafasi ya kuuliza: hivi hiki kitu nakitaka? Kisha wakarudi palepale sinemani, ila wakawaomba watu wachote kwa mkono wasiouzoea, yaani aliyezoea wa kulia atumie wa kushoto. Hapo pia waliziacha zile za zamani. Badiliko dogo kama hilo lilitosha kumwamsha mtu.

Najua mnachotaka kusema. Kwetu mkono wa kushoto hauendi mdomoni. Ukijaribu mbele ya babu yako utakiona. Ni kweli, na sitaki mjaribu. Lakini tafadhali msiliache wazo lenyewe, kwa sababu sisi tuna dawa yetu ya namna hiyohiyo, nayo ni ya zamani kuliko chuo kikuu chochote cha Marekani. Nitaifikia.

Kwanza tumalizie habari ya kushiba, maana wengi tunadhani tumbo likijaa linapiga kelele na ubongo unasikia mara moja. Haiko hivyo. Chakula kikiingia, kuta za tumbo hutanuka na kupeleka habari juu kupitia neva ndefu iitwayo vagasi. Utumbo nao hutoa homoni zinazosema chakula kimefika. Habari hizo huchukua muda, dakika 20 hivi kwa makadirio ya kawaida. Na zikifika, zinamkuta mwenye nyumba ametazama kwingine.

Halafu kuna kumbukumbu. Mwaka 1998 mtaalamu wa saikolojia Paul Rozin na wenzake waliandika habari za watu wawili waliopoteza uwezo wa kukumbuka mambo mapya baada ya kuumia ubongo. Walipewa chakula cha mchana, wakala, vyombo vikaondolewa. Haukupita muda, dakika 10 hadi 30, wakaletewa chakula kingine na kuambiwa ni cha mchana. Wakala. Wakaletewa cha tatu, na mara nyingi walianza nacho pia. Tumbo lilikuwa limejaa, lakini hakuna aliyekumbuka kuwa ameshakula. Kwa hiyo kushiba hakukai tumboni peke yake. Sehemu yake inakaa katika kumbukumbu. Sisi wenye kumbukumbu nzima tunajiondolea sehemu hiyo wenyewe tunapokula huku tukitazama kitu kingine. Suzanne Higgs wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, alionyesha hilo mwaka 2009 pamoja na mwenzake: wasichana waliokula chakula cha mchana mbele ya televisheni walikula biskuti nyingi zaidi alasiri kuliko wenzao waliokula bila televisheni. Chakula chao cha mchana walikikumbuka kwa uhafifu.

Kabla sijaendelea, naomba jambo hili lisieleweke vibaya. Simwambii mtoto mwenye njaa asile. Singida mvua ni za msimu mmoja, na wazee wetu wanaijua miaka ambayo mtama uliungua shambani. Mtoto anayekua anahitaji chakula, na karanga ni chakula kizuri sana, kina protini na mafuta. Ukitoka shule umetembea kwa miguu na tumbo linaunguruma, kula. Ninachosema mimi ni kula kusikoitwa na njaa. Na soda inayonywewa mbele ya televisheni ni jambo jingine: chupa moja ya mililita 350 inaweza kuwa na sukari gramu 35 au zaidi. Sukari hiyo, na ile ya biskuti, ukilala nayo kwenye meno inafanya kazi usiku kucha, kwa sababu mate yanayoosha mdomo hupungua tunapolala.

Sasa ile dawa. Kumbukeni chakula kinavyoliwa nyumbani. Kinapoiva, mtoto analeta maji na beseni. Watu wananawa, wakubwa kwanza. Mnakaa mkekani au kwenye vigoda. Husogezi mkono kabla ya babu. Mkila sinia moja, unakula upande wako, na unaona kinavyopungua. Mgeni akipita anaambiwa karibu, na hiyo karibu ina maana. Ukishiba unasema nimeshiba, unanawa tena, unaondoka. Angalieni ni milango mingapi umepita! Kunawa, kukaa, kusubiri, kukaribisha, kunawa tena. Kila mlango unaiambia akili: sasa tunakula, sasa tumemaliza. Siku nyingi tumedhani hiyo ni adabu tu. Ni adabu, na ni ulinzi pia.

Kipaketi cha krispi kimeruka milango yote hiyo. Hakinawiwi, hakisubiri wakubwa, na kinaliwa kimyakimya ili mdogo wako asisikie. Tukirudishe mlangoni. Sheria ninayowapendekezea ni moja: chochote kinachoingia mdomoni, hata karanga tatu, kinawiwe mikono kwanza na kiliwe mahali pa kulia, kwenye sahani, televisheni ikiwa nyuma ya mgongo. Ukizitaka karanga, inuka, nenda ukanawe, keti zilipo. Hakuna anayekukataza. Mara nyingi utagundua kwamba kuinuka tu kunatosha kukufahamisha kuwa hukuwa na njaa. Na bakuli lisikae pale penye kioo, lirudi jikoni lifunikwe.

Mtauliza, mikono ifanye nini basi? Swali zuri, na majibu yako kwa wazee. Televisheni ni ngeni katika nchi hii. Zanzibar ilianza kurusha matangazo mwaka 1973, tena ya rangi, na Tanzania Bara ikasubiri hadi 1994. Vijijini ilichelewa zaidi, mpaka nguzo za umeme na paneli za sola zilipofika. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi mwaka 2007. Kwa hiyo babu na bibi zenu walikua na jioni zisizo na kioo. Walikuwa na hadithi. Na waliposikiliza hadithi, masikio yalikuwa kwa msimulizi na mikono ilikuwa kazini: kubangua karanga, kupukuchua mahindi, kuchambua choroko. Karanga zilikuwa mapajani kabisa, na hazikuliwa ovyo, kwa sababu nyingine zilikuwa za mbegu. Ukizitafuna za mbegu umetafuna shamba la mwakani. Mkono ulishuka, ukachota, ukapanda, kama wa leo, ila ulikwenda kwenye ungo.

Kwa hiyo ipeni mikono kazi. Anayejua kusuka ukili asuke. Wa nywele amsuke dadake. Kama kuna mahindi ya kupukuchua, yapukuchueni tamthilia ikiendelea, na mama atashangaa. Mdogo kabisa ashike mpira wa makaratasi aufunge kamba. Mkono wenye kazi hauendi bakulini.

Usiku wa kwanza utakuwa mgumu, na wa pili pia. Mdomo utadai. Kunywa maji, ngoja. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya ndogondogo, kama kunywa maji baada ya kifungua kinywa. Kwa wastani tabia ilichukua siku 66 kuingia, lakini tofauti zilikuwa kubwa: mmoja siku 18 tu, mwingine ilikadiriwa angehitaji 254. Basi usimcheke mwenzako anayechelewa. Na waligundua jambo la kutia moyo: aliyekosa siku moja hakuharibu kazi aliyokwisha kuifanya. Kesho yake aliendelea pale alipoishia.

Wengine mnasubiri kuniuliza kuhusu mpira. Siku ya Simba na Yanga, au Singida Black Stars wakicheza, sebule inajaa majirani, na nyumba isiyotoa kitu inaonekana ina uchoyo. Siwezi kuwaambia mkae na wageni mikono mitupu, wala sitaki. Hiyo si kula kwa mazoea, hiyo ni kukaribisha, na si ya kila jioni. Ila ngojeni mapumziko. Filimbi ya dakika ya 45 ikilia, mna robo saa nzima. Mmoja wenu aende kwa mama aseme, "Mama, naomba nipeleke karanga na maji ya kunawa." Zunguka na beseni kuanzia kwa mzee aliye karibu na mlango. Sinia likae katikati, watu wale, wabishane kuhusu mwamuzi wanavyotaka. Timu zikirudi uwanjani, ondoa sinia, hata kama limebaki.