Mawasiliano baharini: Fedha ianze mlingotini, busta baadaye

Boti ya samaki ikifika Feri, Dar es Salaam, wakati boti nyingine tano zimekwisha kushusha, mnada hauna huruma. Barafu inayeyuka, madalali wanaliona hilo, na mwenye mzigo hana la kufanya ila kupokea bei inayotajwa. Kama nahodha wake angejua hali ya soko saa moja kabla, angeweza kuelekea Kunduchi au Bagamoyo. Saa hiyo moja ndiyo anayoilipia mwenye chombo anapotafuta namna ya kupata simu na intaneti akiwa bado mbali na nchi kavu.

Thamani yake imekwisha kupimwa. Katika jimbo la Kerala nchini India, simu za mkononi zilienea pwani kati ya 1997 na 2001. Mchumi Robert Jensen, katika utafiti uliochapishwa 2007, alikuta kwamba kabla ya hapo asilimia 5 hadi 8 ya samaki waliovuliwa walitupwa kwa kukosa mnunuzi, ilhali masoko ya jirani yalikuwa na wanunuzi waliokosa samaki. Simu zilipoingia, upotevu huo karibu ulikwisha, faida ya wavuvi ikapanda kwa wastani wa asilimia 8, na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Mawimbi ya minara ya huko yalifika kiasi cha kilometa 20 hadi 25 kutoka ufukweni.

Kwa nini yaishie hapo? Mawimbi ya simu husafiri takriban kwa mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo. Mnara wa meta 50 uliojengwa usawa wa bahari, na simu iliyoshikwa meta 1 juu ya maji, huweza kuonana hadi umbali wa kilometa 33 hivi. Antena ikipandishwa mlingotini hadi meta 9, umbali huo unafika kilometa 41. Nyongeza ya kilometa 8 inaonekana ndogo, lakini kwa jahazi linalokwenda noti 5 ni kama dakika 50 za safari. Aidha, antena iliyo juu haizibwi na mawimbi ya maji wala na shehena.

Hata hivyo, kuonana na mnara si lazima kusikilizana nao. Simu ya 4G hurusha kwa nguvu isiyozidi wati 0.2, wakati mnara hutumia makumi ya wati. Ndiyo maana nahodha huona vistari kwenye simu lakini ujumbe hauendi: anausikia mnara, mnara haumsikii yeye. Kwa mtandao wa zamani wa 2G kuna kikwazo kingine. Kwa kawaida mnara wake hukataa simu iliyo mbali zaidi ya kilometa 35, kwa sababu mpango wake wa muda haumudu ucheleweshaji wa umbali huo, hata antena iwe nzuri kiasi gani. 4G inaweza kwenda mbali zaidi.

Antena ya nje, basi, ndiyo ununuzi wa kwanza, hasa kwa boti yenye chumba cha chuma, kwa kuwa chuma huzuia mawimbi. Mbao na faiba hupitisha. Muuzaji aulizwe kama antena inapokea kuanzia megahezi 700 hadi 2700, maana masafa ya chini, yaani 700 hadi 900, ndiyo yanayofika mbali. Antena ya Wi-Fi pekee haifai kazi hii, ingawa dukani zinafanana. Wengi pia hukimbilia antena yenye desibeli nyingi kwa kudhani ni bora. Antena ya namna hiyo hubana mawimbi yake katika ukanda mwembamba, na chombo kinapoyumba ukanda huo huelekea mbinguni, kisha majini. Kwa chombo kidogo, desibeli 3 hadi 6 zinatosha.

Fedha nyingi hupotelea kwenye waya. Waya wa antena wa kawaida, mwembamba wa milimita 5, hupoteza karibu theluthi mbili ya nguvu ya mawimbi ndani ya meta 10, tena kwa masafa ya 900. Kwa 1800 hali ni mbaya zaidi. Waya mnene wa milimita 10 hupoteza kama robo tu. Mtu anayelipia antena ghali kisha akaishusha kwa waya mwembamba amenunua pambo la mlingoti. Njia bora kuliko zote ni kuiweka ruta yenyewe juu, karibu na antena, ndani ya kasha jeupe lisiloingiza maji, na kushusha waya wa mtandao wa kompyuta, ambao hufika meta 100 bila tatizo na unaweza kupeleka umeme pia. Ruta ndogo hula chini ya ampea 1 kwa betri ya volti 12. Yenye nafasi ya laini mbili za kampuni tofauti ina faida, kwa kuwa minara ya kampuni hizo haiko mahali pamoja. Viungo vyote vifungwe kwa utepe wa mpira. Chumvi ikishaingia ndani ya waya, hakuna dawa ila kuubadilisha.

Kuhusu busta, tahadhari inahitajika. Kifaa hiki hukuza mawimbi yaliyopo pamoja na kelele zake. Pasipo mawimbi hakina cha kukuza. Antena yake ya nje na ya ndani zikikaribiana, kama ilivyo kwenye mashua, hupigiana makelele mithili ya kipaza sauti kilichowekwa mbele ya spika, na kuvuruga mnara kwa watumiaji wengine. Kabla ya kununua ni vema kuuliza TCRA kama aina hiyo imeidhinishwa.

Setilaiti huvuka mipaka hii yote. Starlink, iliyoanza huduma Kenya Julai 2023, hutumia setilaiti zilizo takriban kilometa 550 juu. Lakini sahani yake hula wati 50 hadi 100, malipo ya matumizi ya baharini hutofautiana na ya nyumbani, na kila nchi ina kibali chake. Hesabu hiyo inaweza kumfaa mwenye boti ya watalii au meli ya mizigo. Kwa mashua ya samaki bado ni nzito. Redio ya VHF nayo ibaki chomboni, chaneli 16, kwa usalama.

Kabla ya kutoa hata shilingi, mwenye chombo anaweza kupima. Simu nyingi huonyesha kwenye mipangilio yake nguvu ya mawimbi kwa namba hasi: kwa 4G, -90 ni nzuri, -110 ni dhaifu, na -120 ni ukingoni. Nahodha aandike namba hizo kila baada ya nusu saa katika safari moja, pamoja na mahali alipo, kisha arudie kwa njia ile ile baada ya kufunga antena. Fundi anayekataa kulipwa salio mpaka safari ya pili irudi na namba bora ndiye wa kupewa kazi.